Picha za Vitanda vya Watu

Mume wangu ametengeneza vitanda maisha yake yote, na baada ya kuvikabidhi hakuona tena hata kimoja. Ndivyo ilivyo kazi yake. Kabati utaliona sebuleni kwa mteja, na meza utaandaliwa chakula juu yake ukialikwa. Kitanda, kikishavuka mlango wa chumba cha mke na mume, kimeondoka machoni pa watu, na mwenye heshima hakiulizii.

Ninayasimulia haya uani kwetu, mtaa wa Jabe, na anayeandika ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza. Mimi sikusoma. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Macho ya mzee yalianza kufa kutoka pembeni kuelekea katikati, mfano wa mlango unaofungwa polepole. Daktari alitupa dawa ya matone, akatuambia bila kuzunguka kwamba kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki hakitadumu. Mzee aliendelea kwenda karakanani. Alipima kwa vidole, akapiga randa huku akisikiliza sauti ya ubao. Hata hivyo, wateja walikuwa wamepungua, kwa kuwa vijana wa sasa hununua vitanda vya mbao za kubandika, vinavyofika vipande vipande ndani ya katoni.

Mjukuu wangu ndiye aliyeleta habari ya tovuti. Alisema ni kama nyumba ya biashara ndani ya simu, kwamba biashara ndogo yoyote inaweza kuwa nayo, na kwamba ya kwetu angeitengeneza kwa simu yake bila kulipa. Nilimhoji, maana kitu cha bure hunitia shaka.

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni ya kampuni, bibi. Wanatupatia nafasi. Tukitaka jina letu peke yake, tutalipa kila mwaka. Tusipolipa, jina lao litabaki nyuma ya letu."

"Kama mpangaji."

"Ndiyo, bibi. Kama mupangaji."

"Basi tupange. Jina la mwenye nyumba halijapata kumuua mtu."

Muda wote huo mzee alikuwa akikwaruza gundi iliyokauka kwenye kucha zake. Kisha akauliza, "Mu hiyo siti, hiyo tovuti yenu, mutu anaweza kuona vitanda vyote pamoja?"

"Vyote tutakavyopiga picha, babu. Unapitisha kidole tu."

"Hata vya zamani?"

"Hata vya zamani, kama viko bado."

Akageuza uso ukutani. "Basi mufanye haraka."

Hapo nikaelewa. Mjukuu alikuwa akitafuta wateja. Babu yake alitaka kuiona kazi yake yote mara moja kabla giza halijamfikia. Tangu wakati huo mimi sikujali tena habari ya wateja.

Ikabaki kujua nani angekwenda kupiga picha. Mwanamume hawezi kuomba kuingia chumba cha kulala cha mke wa mwenzake, hata awe ndiye aliyekitengeneza kitanda. Msichana ambaye hajaolewa hana shughuli humo. Nilibaki mimi. Mjukuu wangu alinifundisha kuishika simu kwa mikono miwili, na kuondoa kidole gumba mbele ya jicho lake.

Nilianza kwa jirani yetu muuza unga. Alipoelewa nilichokitaka, alipiga makofi.

"Bibi! Unakuja kukagua kama tuko tunalala vizuri?"

"Nimekuja kwa ajili ya kitanda. Mnavyolala si kazi yangu."

"Ngoja kwanza! Utapiga picha kiko hivi? Watu wa Ulaya wataona, watasema mi sina shuka!"

Akanifungia mlango, nikamsikia akivuta na kukung'uta. Aliponiita, kitanda kilikuwa kimevaa shuka la harusi yake, lenye marinda yaliyofika sakafuni, na mito iliyotariziwa imepangwa hadi juu. Kukataa kungekuwa kumtusi. Nikapiga picha, nikashukuru. Kila nyumba niliyoingia baada ya hiyo nilipokewa vivyo hivyo. Mmoja aliongeza mwanasesere mkubwa wa manyoya juu ya mto.

Umeme ulikuwa umekatika mtaani, na simu ikakaa imezimika hata tulipopata mahali pa kuichaji. Mzee alipoletewa picha, aliisogeza simu karibu kabisa na jicho lililokuwa na nafuu.

"Hii nini?"

"Kitanda cha muuza unga."

"Apana. Hii ni shuka." Akapitisha kidole. "Shuka. Shuka. Na hii ina manyoya."

Mjukuu alicheka, mimi sikucheka.

"Mama watoto," akasema mzee, "umenipigia mashuka ya muji muzima. Matendegu yangu yako wapi?"

Ilinibidi kurudi kote nilikopita, na safari hii niombe vitanda vivuliwe. Kumwomba mwanamke akipambe kitanda chake ni jambo jepesi. Kumwomba akivue ni kumwomba aonyeshe godoro lililochakaa, doa la mtoto mgonjwa, na tofali lililowekwa mahali pa mguu uliovunjika. "Nakuheshimu, bibi," mmoja aliniambia, "lakini godoro langu nalijua mi peke yangu." Mwingine alitaka mumewe asafiri kwanza. Mwingine alikuwa na msiba. Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini nilibembeleza. Mvua zikaanza na kwisha. Kila niliporudi nyumbani nilikuta kiti cha mzee kimesogezwa karibu zaidi na mlango, kikifuata mwanga.

Nyumba ya mwisho ilikuwa mtaa wa Mutanga Sud, kwa mjane mmoja aliyefundisha shule. Alinikaribisha, akanipa chai, kisha akanionyesha chumba. Kitanda hakikuwepo. Alikuwa analala kwenye godoro lililotandikwa chini, na mbao zimeegemezwa nyuma ya mlango.

"Nilikifumua mwenyewe baada ya matanga," alisema. "Kilikuwa kikubwa, mama. Nikinyoosha mukono, sipati mutu."

Aliuinua ubao wa kichwani, akausimamisha kwa mikono yake ili niupige picha. Vidole vyake vinaonekana pembeni. Mjukuu wangu alitaka kuvikata, nilimkataza.

Kisha tulisubiri tena, kwa sababu picha zilikuwa kubwa mno na mtandao ulikataa kuzipokea, ikabidi mjukuu azipunguze moja baada ya nyingine. Alikuwa akifanya kazi kwa haraka, mimi ni shahidi wake. Asubuhi moja akaja akikimbia, akaiweka simu mikononi mwa babu yake.

"Babu, iko tayari. Vyote viko humo."

Mzee aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, akageuka kuelekea mlangoni. Nikayatazama macho yake. Yalikuwa yakitafuta simu mahali isipokuwapo.

"Niambieni," akasema.

Mjukuu alianza kulia, kwa hiyo nikaishika simu mimi. "Hiki ni cha muuza unga. Ubao wa kichwani una ndege wawili."

"Ndege gani?"

"Ndege."

"Ni korongo, mama watoto. Nilichonga shingo zimevukana."

Akanyoosha kidole kuzitafuta shingo hizo. Kioo kilipoguswa, picha ikateleza, kikaja kitanda kingine.

"Kiko wapi?"

"Kimepita. Umekisukuma."

"Nimekigusa tu."

Nikakirudisha. Akagusa tena, polepole, kama anavyogusa ubao kuona kama msasa umekolea, na kitanda kikakimbia tena. Tangu macho yaanze kufifia alikuwa akiiamini mikono yake, na sasa mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikifukuza kazi yake. Akaiweka juu ya magoti.

"Endelea wewe," akasema.

Nikaendelea. Sina maneno ya useremala. Nilisema huu ubao wa ubavuni ni mnene, huu una maua, huu ni mwekundu kama chai. Nilipofika kwa mjane, nikasema kimefumuliwa.

"Kwa nyundo?"

"Kwa mikono yake."

"Vizuri. Hakina hata musumari moja. Nilikitengeneza ili kifumuke. Na kingine?"

"Kingine ni kizuri."

"Kila kimoja unasema kizuri."

"Ni vizuri," nikasema. Katika ndoa yetu ndefu hatukuwa na desturi ya kusifiana, na sote wawili tukatazama pembeni, ingawa kwake hakukuwa tena na pembeni.

Tovuti ilifanya kazi ambayo mjukuu wangu aliikusudia. Siku chache baadaye simu ya mjukuu ililia, na mzee, aliyekuwa karibu nayo, akaipapasa akaipokea. Sauti ilisikika hadi nilipokuwa nikichagua mchele. Alikuwa baba mmoja wa Mutanga Nord ambaye mwanawe alikuwa karibu kuoa.

"Mzee, nimeona kile kitanda cha korongo. Nataka kama hicho kabisa. Fundi ananiomba muda gani?"

Mume wangu alifuta kiganja chake kwenye goti.

"Fundi wa kitanda hicho hayupo," akasema.

"Ameenda wapi?"

"Hayupo tena."

"Oo! Pole sana, mzee. Sikujua. Mungu amulaze mahali pema."

"Amina," akasema mume wangu, akamrudishia mjukuu simu yake.

Niliacha mchele. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, kwa maana si halali mtu kuitikia dua ya kifo chake akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Nilipomtazama, mikono yake ilikuwa imelala tena magotini, nikayaacha. Nilimwita mjukuu wangu kando, nikamwamuru aondoe nambari ya simu kwenye ile tovuti.

"Bibi, bila nambari watu watanunua namna gani?"

"Hawatanunua."

"Na vitanda? Nivitoe pia?"

"Viache," nikamwambia. "Hapo hatulipi kodi."

Akaondoa nambari mbele yangu. Akaniuliza aandike nini mahali pake, nami nikarudi kwenye mchele wangu.