Siasi na Waraka wa Jina

Siasi alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kijiji chetu cha Salluit, huku kaskazini kwenye barafu, kwa miaka ishirini, kazi aliyofundishwa na mama yake, Qumaaluk. Mama alipozikwa wiki tatu zilizopita, watu walilia hadi wakakaukiwa sauti. Siasi hakulia. Wengine walimsifu kwa moyo mgumu, sifa za bure kabisa. Hakuhisi kitu, basi.

Siku aliyopandishwa ndege kwenda hospitali ya kusini, Qumaaluk alisema, "Habari ya jina langu nimeiandika. Iko kwenye kompyuta ya ofisini." Akarudi ndani ya sanduku. Sasa Lukasi, kaka mdogo wa Siasi, mke wake amejifungua mtoto wa kike. Na kwetu, mtoto akipewa jina la marehemu, basi marehemu karudi. Siasi angepata tena mtu wa kumwita mama. Hilo tu alilitaka duniani, na hata hilo alilitaka kwa mbali.

Asubuhi ya kutaja jina, Lukasi alimfuata ofisini. Siasi akaufungua waraka. Skrini ikajaa herufi za Kizungu na tarakimu, hazisomeki.

"We dada, mashine imelewa?"

"Haijalewa. Ni mpya."

Mashine za zamani hazikuzijua herufi za lugha yetu, ambazo kila moja ni silabi nzima. Ukibonyeza, zilihifadhi herufi ya Kizungu, kisha fonti ikaivisha sura yetu, kama mtu aliyeazimwa koti. Mashine mpya zina namba maalumu kwa kila herufi yetu, jambo jema sana. Ila fonti ya zamani ilitupwa pamoja na mashine zake, na nyaraka za miaka ishirini zikabaki uchi. Fundi angekuja barafu ikiyeyuka. Jina lilitakiwa mchana huo.

"Mama naye! Kafa, bado anatutungia mafumbo," Lukasi akasema, akicheka huku macho yamemjaa maji.

"Nyamaza kidogo."

Siasi akaivuta kibodi, akaanza kuyapiga upya yale makorokoro, herufi moja moja, bila kutazama vidole. Akabonyeza x, kisha t. Vidole vikatambua: jina. Ndivyo vilivyoliandika neno hilo miaka yote. Akaendelea taratibu mpaka mwisho.

*Jina langu msimpe mtu. Nimechoka. Niacheni nipumzike.*

"Vipi, kasemaje?"

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata sasa ilikuwa Siasi peke yake. Hakusikia hofu wala aibu.

"Kasema mtoto apewe jina lake."

Lukasi akamkumbatia, akalia begani kwake kwa kwikwi.

Mchana nyumba ilijaa. Watu walipanga foleni kumpa mtoto mkono, kila mmoja akimwita alivyokuwa akimwita Qumaaluk: shangazi, jirani, dada. Baba yao mzee alikishika kile kiganja kwa vidole viwili.

"Umerudi, mke wangu. Na kuchelewa kwako kule kule!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Zamu ya Siasi ikafika. Akainama, akaushika mkono mdogo, wa moto.

"Mama," akasema.

Akangoja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, "Mama." Akaendelea kuinama pale, akiusikiliza moyo wake, ambao haukusema neno.

"Siasi, sogea basi," mtu akamgusa mgongoni. "Na sisi tumsalimie."