Picha Ilitikisika

Nilishuka basi katika mji nisioujua, mvua ikanisukuma hadi ndani ya jumba la sinema lenye skrini ndefu kama ghorofa nne, nikatazama watu wakipanda mlima wa barafu. Wakati wa kutoka, mlangoni alisimama mama mkusanya maoni, daftari limebanwa kwapani. Alimgusa kila mtazamaji kiwiko kwa vidole viwili. "Maoni, ndugu yangu. Moja tu." Bibi mmoja akauliza kama hao wapandaji hawana kwao. Bwana mmoja akasema filamu tamu, ila miguu yake imekufa ganzi kwa woga. Yote aliyaandika kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi, bila kutabasamu.

Kisha mzee mwenye mkongojo akanung'unika: "Pale kwenye ufa wa barafu picha ilitikisika. Nusura nitapike."

Mama akachomoa kalamu ya wino. "Rudia, baba. Polepole."

"Ilitikisika, mwanangu. Huyo mpiga picha ni mlevi?"

"Hanywi. Aliteleza. Ni mume wangu." Akaandika kwa herufi kubwa, akapiga mistari miwili chini yake. "Kampuni inataka kumpeleka mlima mrefu kuliko huu. Wamesema watazamaji wakimlalamikia, watatafuta mwingine."

"Basi nifutie, mwanangu! Nisije nikamwaga unga wa mtu."

"Umwage, baba," alisema, akamsogezea daftari atie sahihi.

Mzee alipomaliza, mama akavaa koti, akatoka mvuani na daftari lake kwenda posta. Mimi nikabaki mlangoni, sijaulizwa maoni yangu.