Nilipojiganga Mwenyewe

Nimeuza dawa Ihanja miaka mingi, na miaka hiyo yote mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Koo likiwasha, rangi mbili. Mkojo ukichoma, rangi mbili. Vidonge hivyo vya kuua bakteria nilivimeza siku mbili tatu, nikipata nafuu naacha, kisha nawafokea wateja kwamba hawamalizi dozi. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilijiganga, tena kwa kiburi.

Mwaka juzi, baada ya kikohozi kimoja, tumbo likaanza kuendesha. Nikameza tena. Likazidi, maji matupu, mara kumi na zaidi kwa siku. Kufikia wiki ya tatu dunia yangu ilikuwa imebaki hatua kumi na tisa, kutoka kaunta hadi chooni. Sokoni siendi, kanisani siendi. Nilikichukia kile choo, na sikuthubutu kukaa mbali nacho.

Wiki hiyohiyo mama alinipigia simu kutoka Rungwa, alikokuwa akiishi na mdogo wangu. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba.

"Mwanangu, njoo nikuone."

Safari ya Rungwa ni siku nzima porini, na hakuna kondakta wa kumsimamishia basi mtu mzima kila baada ya dakika kumi. Ningemwambia nini? Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mambo ya chooni hayatajwi.

"Mama, wateja ni wengi," nikasema. "Nikipata wa kumwachia duka nitakuja."

"Haya. Kazi ni kazi."

Hatimaye nilikwenda hospitali Singida mjini. Si mbali, lakini nilishuka njiani mara mbili. Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu.

"Mama, tumboni mwako walikuwemo bakteria wengi wema," akasema. "Wanasaidia kusaga chakula, wanawazuia wabaya wasikae. Dawa zako zimewafyeka. Sasa kuna mmoja mbaya anafanya atakavyo."

Akanipa dawa ya kummaliza huyo mmoja, akanikataza nyingine zote. Wale wema, alisema, watarudi polepole. Polepole! Nilitamani kumzaba kibao. Mama yangu hakuwa na hiyo polepole.

Alifariki siku ya nne ya dawa. Mazishi niliyasikiliza kwenye simu, nimechuchumaa, mlango nimeufunga ili majirani wasinisikie nikilia.

Wiki mbili baadaye tumbo lilitulia, nikafika Rungwa. Mama mdogo alinipokea mbele ya wanawake waliokuwa bado wamekaa msibani.

"Alikuwa anakuulizia kila siku," akasema. "Tukikulaumu anatukemea. Anasema mwacheni mwanangu, wateja wake wanamhitaji."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Wote walikuwa wananitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Walikuwa wengi."