Kofia Iliyobaki Safu Moja

Mwanabaraka wa Kibokoni alijua kushona kofia kabla hajajua kupika wali. Vitobo vyake vilikuwa vidogo kama macho ya dagaa, kila kimoja kimezungushiwa uzi mweupe kwa mkono usiotetemeka, na wanaume wengi wa Mji wa Kale walizivaa kofia zake Ijumaa na Idi. Lakini ile aliyoipenda kuliko zote hakuimaliza. Alikuwa akimshonea mumewe, Kamaludin, fundi seremala. Mwaka 1944 ilikuwa imebaki safu moja tu ya vitobo, pale ukingoni, Kamaludin alipopata kazi ya milango katika shamba la mkonge huko Tanga. Aliivaa vivyo hivyo.

"Nikirudi utaimaliza," alisema mlangoni.

Mwaka wa kwanza zilikuja barua. Wa pili ikaja moja. Wa tatu haikuja hata salamu.

Wakati huo mjini palikuwa na idhaa ndogo iliyoanzishwa ili kuwasaidia watu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlingoti pale Makadara kilitangaza siku ya kuchanja ndui, nyumba iliyoungua na wenyewe wanahitaji makuti na nguo, mtoto aliyepotea Feri na nani amemweka. Mwishoni walitajwa watu wanaotafutwa na jamaa zao. Maneno hayo yalifika kwa redio mpaka kwenye mikahawa ya Tanga na Pemba.

Jirani yake, Mejumaa, ndiye aliyemkokota mpaka ofisini. Msomaji wa matangazo alikuwa Barnabas, kijana wa Rabai mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliwapa viti.

"Jina la anayetafutwa, bibi?"

Mwanabaraka alimtazama Mejumaa. Alikuwa amelelewa kutomtaja mume kwa jina, na tangu aolewe hakuwahi kulitamka.

"Ni mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani?"

Mejumaa alicheka ndani ya buibui lake. "Mwenyewe wake! Haya, nitamtaja mimi. Andika, mwanangu: Ka—"

"Koma!" Mwanabaraka alimshika mkono. "Wataka mume wangu apigiwe kelele Makadara kama mbuzi aliyekata kamba?"

"Mbuzi hurudi kwao jioni, shoga."

Barnabas aliinamia karatasi ili asionekane akitabasamu. Kanuni iliyobandikwa ukutani ilitaka jina, jina la baba, na mtaa. Alisubiri. Hatimaye Mwanabaraka alisema neno moja moja, bila jina lolote, naye akaandika, kisha akaitazama ile kanuni ukutani na kuipa kisogo.

Siku ya Alhamisi Mwanabaraka alisimama nyuma ya dirisha la juu kwa Mejumaa, ambako sauti ya Makadara ilisikika vizuri.

"Mwenye kofia iliyobaki safu moja ya vitobo," Barnabas alisoma, "kwao Kibokoni uzi na sindano vinamngoja."

Uwanjani pakachangamka.

"Hebu vua yako tuihesabu, Gharib!" muuza kahawa alipiga kelele.

"Yangu ina matobo ya panya. Na hayo utayahesabu?"

Mejumaa alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwanabaraka hakucheka. Alikuwa akiangalia njia ya Feri, kana kwamba Tanga ilikuwa pale Likoni tu, ng'ambo ya kivuko.

Wiki tatu baadaye Barnabas alibisha hodi. Nyuma yake alisimama mtu mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Kombe, dereva wa lori la nazi kutoka Tanga, na mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti. Mwanabaraka alilifungua palepale ukumbini. Ilikuwa ile kofia.

"Amesikia," alisema. Akaketi. "Ni mzima?"

"Mzima wa afya, mama. Amesema umalizie safu iliyobaki, nami nimrudishie Jumamosi."

"Na yeye yuaja lini?"

Kombe alikuna shingo. "Hilo hakunipa."

Mwanabaraka aliigeuza kofia polepole. Ilikuwa nyeupe pe. Imefuliwa, imetiwa wanga wa muhogo, kisha ikakaushwa juu ya bakuli ili isikunjamane. Kamaludin aliyeondoka nyumbani humu alikuwa hawezi hata kuanika taulo lake.

"Anaishi na nani huko?"

"Mimi ni dereva, mama. Nabeba nazi, na maneno niliyopewa."

Hakumuuliza tena. Alipitisha kidole ukingoni, mahali pa safu iliyobaki. Kitambaa kilikuwa kitupu kama alivyokiacha; ile alama ya penseli, aliyoichora mwenyewe, ingalipo, imefifia kwa kufuliwa. Mkono uliokuwa ukiifua kofia hiyo haukuthubutu kutia sindano pale. Au ulikatazwa. Wazo hilo la pili alilishikilia.

Angeweza kuimaliza kabla ya Magharibi. Vitobo vilivyobaki havikufika sitini. Kisha kofia ingerudi Tanga ikiwa kamili, na Kamaludin asingekuwa na kitu chochote Kibokoni kinachomsubiri.

Aliikunja, akaiweka juu ya paja lake.

"Mwambie siwezi," alimwambia Kombe. "Ukingo hushonwa kichwa kikiwapo."

"Mama, atasema nimeipoteza njiani."

"Hatasema. Atajua."

Kombe alimtazama Barnabas, Barnabas akatazama viatu vyake. Walipoaga, Mwanabaraka aliwasindikiza mpaka kizingitini, akamwita yule kijana arudi.

"Mwanangu, Alhamisi mna nafasi?"

"Ipo, bibi. Sasa nitaje jina?"

Alifikiri. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikafumbika.

"La. Sema hivi: kofia imefika, mwenyewe bado."

Barnabas alichukua kalamu sikioni na kuyaandika maneno hayo kwenye kiganja chake, asije akayapunguza. Mwanabaraka alirudi ukumbini, akatia uzi kwenye sindano, akaichomeka kwenye ukingo wa kofia mahali pa kuanzia, na kuiacha hapo.