Kanda za Bendi Zinatafutwa

Juma lililopita nilikuwa kwa fundi wa simu, hapa mtaani Galbet, Garissa, alipoingia mgeni kutoka Nairobi na redio kaseti mkononi. Alisema ananunua kanda za bendi za Kisomali, zile za gitaa na kinanda za miaka ya sabini na themanini, kwa kuwa Ulaya sasa zinapendwa. Nilimshuku. Muziki ule ulipotoka tulikatazwa kuusikiliza. Leo umekuwa dhahabu?

Mama mmoja mzee alishika kanda yake kwa mikono miwili.

"Leta niione, mama."

"Wewe cheza kwanza. Mimi najua watu ya Nairobi."

Gitaa likalia, kinanda kikafuata, mgeni akaanza kutikisa kichwa. Mara wimbo ukakatika, na mwanamume akatoa salamu kwa Kisomali. Alisema yuko El Wak, ngamia ni wazima, watoto wasikose duksi ya Qurani. Enzi zile barua zetu tulizisema, na kanda tupu ilikuwa adimu, basi tulirekodi juu ya nyimbo.

"Aa, hii imeharibika," mgeni akasema.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua kanda yake, akaifunga kwenye ncha ya mtandio.

"Sikuwa nauza. Redio yetu ilikufa. Huyo ni mzee yangu, Allah amrehemu."

Marehemu mke wangu sina sauti yake popote. Siku wataalamu watakapoandika historia ya muziki ule, nashuku wataandika kwamba kanda za Garissa ziliharibika.