Uyoga Uliooshwa wa Mwalimu Mwongera

Ruiri nzima ilijua kwamba Mwalimu Mwongera hakosei uyoga. Alistaafu miaka tisa iliyopita, lakini mvua ikinyesha tu, foleni ilikuwa langoni kwake: akina mama na vikapu, wakitaka kujua kama wale au watupe.

Aina zinazotusumbua ni mbili, zote nyeupe, zote zina kofia pana. Ule wa kichuguu ni mtamu kushinda nyama, na shina lake huzama ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye makao ya mchwa. Ule mwingine huota popote, shina huishia juu juu, na ukiula utahara hadi usahau jina lako. Ndiyo maana Mwalimu aliimba kila msimu: chimbeni, msikate!

Mwaka huu askofu alikuwa anakuja. Winfred, mkuu wa jikoni kanisani, akamletea Mwalimu beseni zima la uyoga, umeoshwa ukang'aa, mashina yote yamekatwa sawasawa.

"Winfred, mizizi iko wapi?"

"Nilikata, Mwalimu. Si ilikuwa na matope? Askofu atakula matope kweli?"

"Na ulichumwa wapi?"

"Ni watoto wa Sunday school walileta. Wewe sema tu ni poa, maji imechemka."

Mwalimu aligeuza mmoja, akanusa mwingine. Sisi tuliokuwa langoni tulisogea karibu, mate yametujaa. Mtu huyu hakuwahi kusema hajui, hata darasani. Ukimuuliza swali gumu alikufokea ukae chini. Nilimwona akitokwa na jasho. Watu themanini wangekula kwa neno lake.

"Sijui," akasema.

Winfred aliumwaga wote kwa hasira. Askofu alikula kabichi, akaisifu sana, kama wafanyavyo maaskofu.

Ungedhani tulimshukuru Mwalimu. Thubutu! "Kumbe hata yeye hajui," tuliambiana, na mimi nilikuwa wa kwanza. Naona haya kusema. Sasa vikapu huenda kwa Winfred. Yeye hana maneno mengi: anatazama, anasema ni poa, na hajasema hajui hata siku moja.

Siku hizi, msimu wa mvua, Mwalimu hufika ibadani kabla ya mchungaji. Hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, akituhesabu kama tumetimia.