Mfereji Chini ya Maduka

Ipo siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na leo umenilazimisha kuisimulia. Umekuja na ramani zako, umefurahi umepewa kazi ya kukarabati yale maduka yetu ya Kianjokoma, halafu nikakusikia ukisema, "Baba, ule mfereji tutaufunga tu." Hebu kaa kwanza. Unywe chai.

Wewe unayajua kama maduka. Mimi niliyakuta yakiwa kiwanda cha kahawa, kilichojengwa na wakulima wenyewe miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Hata leo nikipita pale husimama nikitazame, na anayetaka kunicheka anicheke! Mawe yalichongwa kwa mkono, na hadi leo wembe haupiti katikati yake. Tena tazama jengo linavyoteremka na mlima. Kahawa mbivu ilimwagwa juu, ikateremka kwenye mashine ya kumenya, ikaingia matangini, ikaoshwa mferejini na kutokea chini kwenye vitanda vya kuanikia. Maji ndiyo yaliyoibeba njia yote. Wazee wale hawakuwa na karatasi kama zako, lakini walikuwa na akili, we acha tu.

Kahawa ilipopoteza bei, watu waling'oa mibuni na kiwanda kikafungwa. Kamati ya wakulima ikaamua kigeuzwe maduka, nikapewa kazi mimi, nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na nilijiona mjuaji kweli. Nilitaka sakafu moja, sawa, inayong'aa. Mfereji uliotoka nyuma ya ukuta wa juu na kupita chini ya jengo niliuona uchafu tu.

Bibi mmoja mzee, tuliyemwita Cucu Wanja, alikuwa akiuza viazi pale mlangoni. Ujanani mwake alikuwa mmoja wa akina mama waliobeba mchanga mgongoni kutoka mtoni, jengo hilo likiinuka. Alikuja akatazama vijana wangu wakikoroga zege.

"Wewe kijana, hii mfereji unafunga, maji itapita wapi?"

"Cucu, hakuna kahawa ya kuosha tena."

"Kahawa imeisha. Mvua nayo imeisha?"

Vijana wakaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikawaambia wamwage.

Mvua ya Aprili haikuchelewa. Maji ya mlima yalijaa nyuma ya ukuta wa juu, yakakosa pa kwenda, na baada ya wiki moja ukuta ukapasuka ufa wa kuingiza mkono. Kamati ikaja na miavuli. Mwenyekiti akautazama, akatikisa kichwa. "Umezeeka huu. Bomoeni jengo lote, tujenge la matofali." Kisha akanigeukia. "Ama unasemaje, fundi?"

Mwanangu, nilipiga hesabu haraka. Nikinyamaza, lawama ingebaki kwa mawe, nami ningepewa jengo jipya la kujenga. Nikisema, kazi yangu ya kwanza ingekuwa ya mwisho. Cucu Wanja alikuwa amesimama pembeni, amejifunika gunia kichwani, kiganja chake juu ya ukuta kama mtu anayempima mtoto homa. Alijua kila kitu. Nilingoja anishtaki, lakini alinitazama tu, macho yamejaa machozi. Uso uliniwaka kwa aibu.

"Ukuta hauna kosa," nikasema. "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyefunga njia ya maji. Cucu huyu aliniambia, nikamcheka."

Mwenyekiti alinitukana, na alikuwa na haki. Nilichukua nyundo mwenyewe nikavunja zege langu siku mbili mfululizo, viganja vikatoka malengelenge. Maji yalipofunguka yalitoka kwa kishindo, yakaenda zake mtoni. Ukuta ukatulia. Kamati ikaniacha nimalize, kwa sharti moja: Cucu akae kwenye kigoda pale ndani, na nisiguse jiwe kabla hajanieleza kazi ya jiwe hilo.

Ufa niliuziba, ila ukienda kwa yule mshonaji wa nguo aliyepanga duka la juu, sogeza vitambaa vyake utauona. Na mvua ikinyesha atakuambia anasikia maji yakipita chini ya miguu yake, chini ya mbao nilizofunikia mfereji. Cherehani yake haijawahi kulowa.

Basi sikiliza. Kabla hujaziba kitu cha watu, tafuta aliyebeba mchanga wake, muulize kilikuwa cha nini. Akikujibu, usicheke. Na ukikosea, maana utakosea, taja jina lako kabla hawajabomoa kisicho na hatia. Cucu Wanja alifariki akiwa bado ananiita "fundi wangu", na sijawahi kupata cheo kikubwa kuliko hicho.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe watu wa kukuambia ukweli, na akuonyeshe njia ya maji kabla hujakoroga simenti.